Mwano wa Mzee Masunga

Kofi la kwanza lilimpata Dotto sikioni kabla hajalowesha hata kitambaa. La pili alilidaka hewani, akaushika mkono wa baba yake taratibu kama mtu ashikavyo yai bichi, naye mzee akainama akamng'ata kiganja mpaka damu ikadondoka ndani ya beseni.

"Mwizi wewe!" mzee alifoka. "Unanivua nguo mchana kweupe!"

"Ni mimi, baba. Ni Dotto. Nakuogesha."

"Dotto yuko machungani. Usimtaje mwanangu kwa mdomo wako huo mchafu."

"Haya, simtaji. Inua mkono basi."

"Siinui!"

Aliuinua, lakini ulishuka na ngumi. Dotto akaipokea begani, akasugua kwapa, akasugua mgongo ule mpana uliokuwa ukibeba ndama wachanga kutoka mbugani mpaka zizini, akausuuza, akaukausha. Alipomaliza alikuwa amelowa kuliko baba yake, na shavu lake lilikuwa linawaka moto.

Hivyo ndivyo siku ilivyoanza nyuma ya nyumba ya Mzee Masunga pale Masanze, ndani ya uzio wa mabua ambao Dotto aliusuka kwa mikono yake ili macho ya watu yasipite. Nje ya uzio, mkewe Jenipher aliweka ndoo ya maji ya moto, akakohoa kidogo kumjulisha mumewe, akageuka akaenda zake. Wao ni Wasukuma, na kwa Wasukuma wa nyumba ile mke wa mwana hauoni mwili wa baba mkwe wake. Hata mkono hamgusi. Jenipher alimpikia mzee, alimfulia, alimtwangia, alikimbia nyuma yake akipotea kwenye mahindi, lakini akimkuta ameanguka ilimbidi asimame pembeni apige kelele mpaka Dotto aje amwinue.

Ndiyo maana Dotto alirudi. Kabla ya hapo alikuwa utingo wa malori ya Zambia, makao yake Mikumi, pale barabara kuu inapotoka mbugani. Madereva walimwita Nyundo. Dereva mmoja mwenye mwili kama pipa aliwahi kumtukania mama yake, akaokotwa chini ya tela lake mwenyewe akitafuta meno. Dotto hakuwa mtu wa kupigwa akanyamaza. Kisha mama yake akafa, wanaume wa Masanze wakamchimbia kaburi, na baada ya matanga Dotto akatazama akaona hakuna mkono mwingine wa kumvua baba yake shati. Nyundo akarudi nyumbani kupigwa kila asubuhi.

Na aliyekuwa akimpiga hakuwa mzee wa hivihivi. Kule Shinyanga, miaka ile wezi wa ng'ombe walipokuwa wakiingia vijijini na bunduki, Masunga alikuwa mtemi wa sungusungu, jeshi la wanakijiji la kujilinda. Ni yeye aliyewafundisha watu sheria ya mwano. Mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, kila mwanaume mwenye miguu anakimbilia linakotoka akiwa na fimbo, upinde au panga, na hakuna kuuliza. Anayeonyeshwa kidole anapigwa kwanza, anajieleza baadaye kama bado ana ulimi. Siku moja ng'ombe wa wizi walikutwa kwa mdogo wake Masunga, mtoto wa mama mmoja. Watu walisita, wakamtazama mtemi. Masunga akanyoosha kidole chake mwenyewe, na mdogo wake hakuinuka tena. Tangu siku hiyo jina lake lilitajwa mpaka vijiji asivyowahi kufika, wengine kwa kumsifu, wengine kwa kuteremsha sauti.

Baadaye zikaja nyakati za ruksa. Ushirika ukafa, pamba ikalala ghalani, kila mtu akaambiwa ajitafutie. Masunga akaswaga ng'ombe wake na jamaa zake, wakashuka kupitia Dodoma mpaka Kilosa, kwenye ardhi ya mkonge iliyoachwa na wenyewe ikageuka pori. Wasukuma walipoongezeka kuanzia Masanze hadi Kisanga, walianzisha sungusungu yao. Kamanda alikuwa Shimba, mwanaume mrefu, mkali, mwenye kovu la mshale shingoni. Lakini kigoda cha heshima alikikalia Masunga, na Shimba hakuketi kabla mzee hajaketi.

Sasa akili ya mzee ilikuwa imeondoka, na hakuna aliyejua nje ya nyumba ile. Dotto aliificha. Siku za mkutano alimvalisha baba yake koti, akamweka kwenye kigoda, akakaa karibu naye na kumgusa goti kila inapofaa kuitikia. Mzee akaitikia. Akiachwa, alitazama kunguru. Watu walipeleka kesi zao, mzee akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa kunasifiwa.

"Mtemi anapima," Shimba aliwanong'oneza vijana. "Mkiona kimya hivyo, mjue mtu leo analo."

Kwa nini Dotto alificha? Kwa sababu alikwenda Kisanga siku moja kununua mbegu, akamwona mzee mwingine, Kornelio, aliyerukwa na akili na kumkata jirani kwa jembe. Sungusungu walikuwa wameamua: afungwe. Walimfunga kwenye nguzo ya zizi kwa kamba ya katani. Dotto alimkuta amekaa juu ya samadi, kamba imemla kifundo cha mguu mpaka kunaonekana cheupe ndani, na nzi wamejaa, na wajukuu wanapita na ndoo zao kama wanampita mbuzi. Mzee yule alimwambia Dotto kwa sauti ya utulivu kabisa, "Kijana, nipunguzie kidogo." Dotto alipoinama kuifungua kamba, mtoto wa mzee akatoka na panga.

Siku ile, njiani kurudi, Dotto aliapa. Baba yake hafungwi. Ampige, amng'ate, amwite mwizi mpaka akauke koo, lakini kamba haitagusa mguu wa Masunga yeye Dotto akiwa na pumzi.

*

Kaka yake Casmir alikuja kutoka Mikumi na pikapu yake. Alikuwa akiuza spea na matairi kando ya barabara kuu, amenenepa, amevaa miwani ya jua. Alimkuta mzee uani akiwa ameshika mchi wa Jenipher, anaupigapiga ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na vipande vya udongo vimemjaa kwenye nywele.

"Shikamoo baba."

Mzee akamrushia mchi. Ulipita sikioni, ukavunja kioo cha pembeni cha pikapu.

Casmir alikwenda nyuma ya gari akarudi na kamba ya nailoni, mpya, ya buluu.

"Hiyo ya nini, kaka?" Dotto aliuliza.

"Unaijua ya nini."

"Irudishe garini."

"Dotto, jitazame. Una jicho lililovimba, kiganja kina usaha, mkeo anatembea anachungulia nyuma kama mwizi. Tumfunge mchana tu. Kwa upole. Tutaweka na godoro."

"Irudishe garini, Casmir."

"Wewe nani unaniamuru mimi? Nimekutangulia kunyonya! Unadhani ukipigwa ndiyo unampenda kuliko mimi?"

Ngumi ya Nyundo ilikuwa haijatoka siku nyingi, na ilitoka yote. Miwani ya Casmir iliruka ikaangukia kwenye mtama. Casmir alikuwa mnene lakini alikuwa mtoto wa Masunga. Aliinuka na damu puani, akamvaa mdogo wake kiunoni, wakaanguka pamoja juu ya jiko la Jenipher, wakaviringika kwenye majivu na maharage yaliyomwagika, wakipigana kwa viwiko na magoti na vichwa bila kupiga kelele, maana hata katika hasira yao walikumbuka kwamba majirani hawapaswi kusikia. Dotto alimkalia kifuani, akaichukua ile kamba, akamzungushia kaka yake shingoni.

"Inauma? Eh? Sema kama inauma!"

"Inauma," Casmir alikoroma.

Dotto akaiachia. Walibaki wamelala chali wote wawili, wanahema. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anawatazama kwa furaha kubwa.

"Yule wa chini ana nguvu," alisema, "ila hana akili."

Casmir alicheka. Alicheka mpaka akalia. Kisha akajifuta damu kwa shati, akamwambia mdogo wake, "Basi tumpeleke hospitali. Labda kuna dawa."

Walimpeleka Kilosa. Daktari alimtazama, akamuuliza maswali, akapigwa kofi, akasema kwa huruma kwamba ni ubongo umezeeka, hautarudi ulivyokuwa. Aliandika dawa za kumtuliza. Kwa gharama za safari zile na dawa zile, Dotto alimtoa zizini dume mmoja, mweusi mwenye tumbo jeupe, Casmir akampakia usiku na kumuuzia mchinjaji wa Mikumi.

Hapo ndipo Dotto alipokosea, na alijua. Ng'ombe wa baba aliye hai hauzwi na mwana mpaka baba atamke mbele ya ndugu. Dotto alikuwa amemuuliza baba yake, naye alikuwa amejibu ndiyo. Lakini asubuhi ile ile mzee alikuwa amemjibu ndiyo mbuzi.

*

Mwano ulipigwa asubuhi yenye jua kali, watu wakiwa mashambani.

Mzee alikuwa na siku zake ambazo alisahau watoto akakumbuka ng'ombe. Siku hiyo aliingia zizini, akapita katikati yao akiwashika pembe mmoja mmoja na kuwaita kwa majina, na yule mweusi mwenye tumbo jeupe hakuitika. Akamwita tena. Kisha akageuka, akamwona mwanaume kijana anaingia kupitia lango na kamba ya ndama begani.

"Mwanooo!"

Mwili ulikuwa umeisha lakini kifua kilikuwa kizima. Sauti ile iliruka juu ya mahindi, ikagonga kilima, ikarudi.

"Mwanooo! Ng'ombe wameibiwaaa!"

"Baba, nyamaza! Baba, ni mimi!" Dotto alimkimbilia, akamziba mdomo kwa kiganja, na hivyo ndivyo wa kwanza kufika walivyomkuta: amemkaba mtemi wao zizini, na kamba ya ng'ombe begani.

Walitokea kila upande. Wenye majembe walikuja na majembe. Shimba alifika na upinde, panga kiunoni, nyuma yake vijana wengine wenye fimbo za mkakatika, wengi wao wageni wa msimu ule kutoka Kisanga, wasiomjua Dotto wala Nyundo. Dotto alimwachia baba yake, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo.

Shimba aliinamisha kichwa mbele ya mzee. "Mtemi. Nani?"

Masunga alisimama wima. Miaka yote ilimtoka mwilini. Akanyoosha kidole.

"Huyu."

"Mtemi," Shimba alisema polepole, "huyu ni mwanao."

"Mwizi hana baba. Dume wangu mweusi yuko wapi? Muulizeni!"

Shimba akamgeukia Dotto. "Dume yuko wapi, ng'wana Masunga?"

Dotto alifungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, jepesi: nilimuuza kumtibu, kwa sababu hajui tena lolote, hanijui hata mimi. Maneno machache tu na fimbo zote zingeshuka chini. Na kamba ingeinuka. Aliwatazama wale vijana wa Kisanga, wale wale waliomfunga Kornelio. Akatazama kifundo cha mguu cha baba yake, kilichokauka, chenye vumbi, kizima.

"Nilimuuza," alisema.

"Mzee alijua?"

Dotto aliendelea kukitazama kile kifundo.

Mnong'ono ulipita kati ya watu, na haukuwa wa hasira peke yake. "Ni yule yule," mtu mmoja alisema kwa kustaajabu. "Alimtoa mdogo wake, leo anamtoa mwanawe. Masunga ni yule yule!"

Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni. Ya pili ilimkata sikio. Mikono ya Nyundo iliinuka yenyewe, kijana mmoja wa Kisanga akaruka kinyumenyume na taya limepinda, na hapo wakamvamia wote. Walimpiga miguu mpaka akapiga magoti. Walimpiga magoti mpaka akalala. Aliweka mkono juu ya kichwa, rungu likashuka juu ya mkono, na kila aliyekuwepo alisikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Ng'ombe waliruka wakikanyagana, vumbi la samadi likapanda, na katikati ya vumbi mzee aliimba. Ulikuwa wimbo aliowatungia sungusungu wake kule Shinyanga:

*Aliyelala aamke,*
*aliyeiba aanguke,*
*fimbo yangu haina ndugu,*
*mama yake asishtuke.*

Na wao wakapiga kwa kufuata wimbo.

Jirani yao Melkizedek, Mkaguru mwenye shamba upande wa pili wa mfereji, alikuja mbio na kofia mkononi. "Jamani! Jamani! Huyu ndiye anayemlea! Mimi nawasikia kila asubuhi, huyu ndiye anay—"

Mtu alimsukuma kifuani, akakaa chini. "Rudi kwenye mihogo yako, mzee. Mwano haukukuita wewe."

Dotto alimsikia, akainua uso uliojaa damu. Alimtazama Melkizedek akatikisa kichwa mara moja. Usiseme. Melkizedek akafunga mdomo, machozi yakimtoka kama mtoto.

"Inatosha," Shimba alisema hatimaye. Wakarudi nyuma, wakafanya duara. Akampa mzee panga lake mwenyewe, mpini mbele, kwa mikono miwili, kwa heshima. Kwa sheria ile ile aliyoileta Masunga, pigo la mwisho ni la mwenye ng'ombe, na mwenye ng'ombe ndiye mwenye kusamehe. Watu walidhani atasamehe. Mzee alilipima panga mkononi, akaenda akasimama juu ya mwanawe, akamlenga shingo kwa jicho kama mtu anayekata muwa.

"Baba," Dotto alisema kwenye vumbi. "Dotto amesharudi machungani. Kamtazame kwanza."

Mzee alisita. Uso wake ulitafuta kitu. Kisha panga likapanda.

Jenipher alitokea shambani akiwa na tope mpaka magotini. Hakupita langoni, aliruka miiba ya zizi, nguo ikachanika, mguu ukachanika. Alimrukia baba mkwe wake kwa nyuma, akamkumbatia kifua kwa mikono miwili, kifua kwa mgongo, mbele ya wanaume wote wa Masanze. Wazee kadhaa waligeuza nyuso. Panga lilishuka upande, likachimba ardhi karibu na kichwa cha Dotto.

"Niachie!" mzee alipiga kelele. "Mwanamke gani huyu?"

"Mnasikia?" Jenipher aliwafokea. "Mwanamke gani huyu! Nimempikia huyu mzee tangu niolewe! Shimba, si wewe kamanda? Muulize mama yetu yuko wapi. Muulize!"

"Jenipher," Dotto alikoroma kutoka chini. "Usiseme. Nyamaza."

"Sinyamazi! Wakikuua ndiyo nitanyamaza? Nani atamwogesha, Shimba? Muulize, nakwambia!"

Shimba alilamba midomo. "Mtemi," alisema, "mama Casmir yuko wapi?"

"Amekwenda kisimani," mzee alijibu mara moja. "Amechelewa. Mkimkuta njiani mwambieni nina njaa."

Mikono ya watu wa Masanze iliyoshika fimbo ndiyo iliyokuwa imechimba kaburi la mama Casmir. Mtu mmoja akaitupa fimbo yake mbali kama imekuwa nyoka. Mwingine akatapika kando ya lango. Yule kijana mwenye taya lililopinda alimtazama Dotto, akatazama mikono yake mwenyewe, akaificha nyuma.

Shimba alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejificha nyuma ya sheria. "Basi mzee hana akili. Na ameshika panga. Sheria tunaijua. Leteni kamba."

Dotto alijiviringisha. Alisukuma ardhi kwa mkono mmoja, ule mwingine ukining'inia, akaanguka, akasukuma tena. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alisimama. Jicho moja lilikuwa limefungwa kabisa, na kwa lile lingine alimtazama Shimba mpaka Shimba akaangalia pembeni.

"Mmempiga mtu asiye na kosa," Dotto alisema, na kila neno lilitoka na damu. "Sheria inasemaje?"

"Faini," Shimba alijibu. "Tutakulipa ng'ombe. Chagua mwenyewe."

"Sitaki ng'ombe. Kapikeni ng'ombe wenu mle. Faini yangu hii hapa: hakuna mkono wa sungusungu, wa Masanze wala wa Kisanga, utakaomfunga huyu mzee. Leo wala kesho. Na kwa kuwa mmenivunja mkono ninaomshikia, mtakuja ninyi. Kwa zamu. Mtu mmoja kila siku, amfuate anakokwenda, amzuie mtoni, amrudishe. Mzee akimpiga, apigwe. Akimng'ata, ang'atwe. Na fimbo aiache nyumbani."

"Hiyo si faini," mtu mmoja alilalamika. "Hiyo haijawahi kutozwa."

"Anayeikataa aje," Dotto alisema, akainua ule mkono mzima, akakunja ngumi. Alikuwa anayumba kama mlevi. Mtoto mdogo angeweza kumwangusha kwa kidole. "Aje. Aanze na mimi."

Hakuna aliyekuja. Shimba aliitazama ile ngumi, kisha akalichomoa panga lake ardhini, akalifuta kwenye suruali.

"Zamu ya kwanza ni yangu," alisema.

*

Casmir alipofika kutoka Mikumi na kumwona mdogo wake alivyovimba, hakuuliza mara mbili. Alikwenda kwenye pikapu akatoa spana ya magurudumu, akaelekea kwa Shimba. Alimkuta Shimba kando ya mfereji, amelowa mpaka kifuani, mikwaruzo usoni, anamrudisha mzee nyumbani kwa kumbembeleza, na mzee anamtandika mgongoni kwa ndala.

"Tembea, mwizi!" mzee alikuwa akisema. "Tembea mbele yangu!"

"Natembea, mtemi. Natembea."

Casmir alisimama na spana yake. Shimba alimwona, akasimama naye, hakukimbia wala hakuinua mkono. "Nipige ukitaka," alimwambia. "Ila mshike kwanza huyu, atarudi majini."

Casmir akamshika baba yake mkono mmoja. Shimba akaushika wa pili.

Nyuma ya nyumba, Jenipher alikuwa ameshachukua beseni. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekuja kumkanya, kwamba mwiko ni mwiko, kwamba afadhali mzee abaki na uchafu. Aliwasikiliza huku anapima maji kwa kiwiko. "Nimemkumbatia mbele ya wanaume wote," aliwaambia. "Kama ni laana imeshaingia, nami naona bado natembea." Akaingia ndani ya uzio. Walimsikia mzee akifoka, beseni likigonga, Jenipher akisema "Aah, baba, meno tena!" na kofi likilia. Mama mmoja kati yao, Marciana, alivua khanga yake ya juu, akaingia kumsaidia.

Mzee alipotoka, amekauka, amevaa koti lake, walimketisha kando ya Dotto kivulini. Mkono wa Dotto ulikuwa umefungwa kwa vijiti na nguo. Kwa ule mwingine alichota uji, akamlisha. Mzee alimeza, akamtazama yule kijana mwenye uso uliovunjika, akamsogelea kama mtu mwenye siri.

"Yule mwizi," alinong'ona. "Mlimpata?"

"Tulimpata, baba."

"Mlimpiga?"

"Tulimpiga sana."

"Alilia?"

Dotto alifikiri. "Hapana. Hakulia."

Mzee aliutafuna uji ingawa hakukuwa na cha kutafuna. Alitikisa kichwa mara kadhaa, na kitu kama fahari kilimpita usoni.

"Basi huyo amelelewa," alisema. "Huyo ana baba."

Akafungua mdomo kungoja kijiko kingine. Hicho kilikuwa cha moto. Akamchapa Dotto kofi juu ya lile shavu lililovimba, na Dotto akakipuliza kijiko, akakipuliza tena, akamrudishia mdomoni.